Nyuzi Laini, Nyuzi za Kukwaruza

Jabe, Bujumbura
14 Septemba 1975

Kwako Yaya Béatrice, dada yangu mkubwa,

Najua huko Bukavu jina la Béatrice limewekwa kando kwa amri ya serikali, na kwamba kwenye karatasi zote sasa unaitwa Mawazo. Lakini mimi nilianza kukuita Yaya Béatrice kabla sijaota meno, na barua hii inavuka mpaka ndani ya robota la vitenge la Mirindi mchuuzi, ambaye hajui kusoma wala hataki kujua, kwa hiyo tutaelewana hivyo hivyo. Pokea salamu zangu na uzigawe kwa haki, ila za Mama ziwe nyingi kuliko za wengine. Je, miguu yake imepungua uvimbe? Bado anamwambia daktari aionje dawa yeye kwanza? Baba watoto wako anaendeleaje na kifua chake? Na yule mbuzi wenu aliyekula katekisimu, ameongoka au bado?

Sisi huku ni wazima, Mungu asifiwe. Mtoto wa kwanza amepanda darasa, wa pili amepanda ukuta wa jirani akashushwa kwa fimbo. Mvua haijaanza, na vumbi la Jabe tunalila pamoja na maharage. Karanga ulizonitumia zilifika nusu. Mirindi ni mwaminifu kwa barua, kwa karanga hajawahi kuapa.

Umeniuliza kwa nini nimekuwa kimya tangu Pasaka, na hata umeuliza kama nimekuchukia. Yaya, nikuchukie kwa lipi? Nilikuwa katikati ya kesi ya nyuzi. Kesi yenyewe imekwisha juzi juzi, na nikiikumbuka nacheka peke yangu sokoni mpaka watu wananipisha njia. Kaa vizuri nikueleze, na kama una chungu jikoni, kipua kwanza.

Shemeji yako Namegabe unamjua kuwa ni fundi cherehani, na fundi kweli, si wa kuunga viraka. Magauni ya harusi ya mtaa huu karibu yote yamepita mikononi mwake. Na donda langu pia unalijua. Mimi na wewe tulianza pamoja kujifunza kushona kwa masista. Wewe ukatorokea kwenye kwaya kwa sababu ya yule mpiga ngoma, mimi nikamaliza, na Sista akasema mkono wangu ni mwepesi kwa vitambaa vinavyoteleza. Halafu nikaolewa na fundi. Watu wakasema nimebahatika. Lakini fahali wawili hawakai zizi moja, na cherehani yetu ni moja. Tangu harusi kazi yangu ni vifungo na mapindo. Kitambaa kizuri kikiingia ndani ya nyumba, Namegabe ananiambia kwa upole kabisa kwamba ana kiu, nimletee maji. Si mtu mbaya, hajawahi kuninyanyulia mkono wala sauti. Ila anaamini kuwa satini itakufa ikiguswa na mtu aliyetoka kumenya mihogo. Mimi katika dunia hii sikuomba makubwa, Yaya. Niliomba kukaa kwenye kile kiti, mguu juu ya pedali, na satini nyeupe mbele yangu.

Sasa, pamoja na cherehani, nyumba hii ina mke mwenzangu, naye ni gitaa la besi. Namegabe analipiga katika orkesta ya Révérien, karani wa posta, kila Jumamosi jioni kwenye baa moja ya Bwiza. Ni gitaa la umeme, refu, lenye nyuzi nne nene, na kazi yake si kuimba bali kuubeba wimbo mgongoni. Ukiwauliza wanaocheza dansi kama wanaisikia besi, watakuambia apana. Izime, utaona wamerudi kukaa. Namegabe anaipenda kazi hiyo kwa sababu inafanana na yake: nguo ikishonwa vizuri hakuna anayeuona mshono.

Tatizo lilianza nyuzi zilipozeeka. Jasho la vidole huingia ndani ya waya, na sauti inakuwa ya mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi. Kwa kuwa nyuzi mpya za besi huku hakuna duka linaloziuza, wapigaji wana dawa yao: wanazivua, wanazichemsha, wanazianika, wanazirudisha. Namegabe akazichemsha katika sufuria yangu ya maharage bila kuniambia. Jirani yetu Mwavita akaja kuomba chumvi, na kama kawaida yake akafunua sufuria aone tunapika nini. Akaona vitu virefu vinne vimejikunja ndani ya maji meusi, vinageuka polepole. Akarudisha kifuniko kwa adabu, akaniambia mapishi mema, akaondoka bila chumvi. Kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba watu wa Bukavu tunakula nyoka. Kesho yake wanawake wawili walikuja kwa siri kuniuliza kama supu ile inasaidia maumivu ya mgongo.

Dawa ile ilifanya kazi Jumamosi moja tu, kisha nyuzi zikafa tena. Ndipo Révérien alipokuja nyumbani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akakunja nne, akasema, "Namegabe, besi yako inalala. Bantu banatikisa kichwa tu, kiuno apana." Akaongeza kuwa kuna kijana wa gereji anaitwa Aloys, ambaye anaomba kila siku ajaribiwe, na kwamba orkesta si ya ukoo. Namegabe alikuwa na pini mdomoni, nikamwona akizibana kwa meno. Siku ile nilimhurumia kweli. Ukimpokonya besi, utakuwa umemkata mkono mmoja.

Mungu si Athumani, mara tukasikia kwamba Sébastien, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu na kufanya kazi wizarani, amechaguliwa kwenda Brussels kwa mafunzo ya mwezi mzima. Yeye mwenyewe alikuja kusema kwamba atamletea Namegabe seti moja ya nyuzi mpya, kama zawadi kwa suti aliyoshonewa siku ya ubatizo. Seti moja, hakuna kubadilisha, Ulaya si Jabe ya kurudisha kitu kesho. Akauliza: za aina gani?

Hapo ndipo kesi ilipoanza, Yaya. Kumbe nyuzi za besi ni za aina mbili. Zote zina waya wa chuma katikati na waya mwingine uliozungushwa juu yake. Katika aina ya kwanza ule waya wa juu ni bapa kama utepe. Ukipitisha kidole unateleza, na sauti ni nzito, ya upole, inajaa chumba polepole. Hizo ndizo laini, na ndizo za zamani. Aina ya pili ni ya siku hizi: waya wa juu ni wa mviringo, na ukipitisha kidole unakwaruza kama tupa. Lakini sauti yake, Yaya, inalia, inatoka nje ya baa, inavuka barabara, inamkamata mtu aliyekuwa anaenda zake msibani. Mwezi wa nne ilipita hapa orkesta moja ya Kinshasa, na mpiga besi wao alikuwa nazo. Alimruhusu Namegabe ajaribu mchana mzima. Namegabe alirudi nyumbani na macho ya mtu aliyeonjeshwa asali.

Kesho yake alikaa kwenye cherehani kushona gauni la msimamizi wa harusi. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimechunika, zimekauka, zina vipande vidogo vya ngozi vilivyosimama. Kila aliposhika satini, kidole kilivuta uzi mmoja wa kitambaa na mstari ukatokea, kama paka amepita na kucha. Akaacha kazi, akaketi mlangoni, akatazama mikono yake. Nilijua amekwisha elewa. Nyuzi za kukwaruza zitamwachia besi na kumnyang'anya satini. Nyuzi laini zitamwachia satini, na besi itakwenda kwa Aloys, ambaye kazi yake ni grisi na vidole vyake hata nyoka akiving'ata atajuta.

Na kama vile haitoshi, wiki ileile alikuja Bwana Herménégilde, mkurugenzi wizarani, pamoja na mke wake Madame Epiphanie, wameleta satini kutoka ng'ambo kwa ajili ya harusi ya binti yao Daphrose, mwisho wa mwezi wa nane. Satini ile ilikuwa nyeupe na nzito, ukiishika inakutoroka. Gauni atashona Namegabe. Na muziki wa harusi hiyohiyo atapiga nani? Orkesta ya Révérien. Mshika mbili moja humponyoka, lakini huyu wangu alikuwa ameshikishwa mbili siku moja, mbele ya watu walewale.

Basi akaanza kuomba ushauri, na ushauri katika Jabe ni kitu kisichopimwa kwa mizani. Révérien alisema za kukwaruza, na kwamba mwanamume anayeogopa kuchunika vidole akapige filimbi. Mzee Massoudi, anayechoma nyama pembeni ya ukuta wetu, alisema laini, kwa sababu yeye haendi baa lakini baa inamfuata mpaka kitandani, na katika umri wake anapenda ije ikiwa imevua viatu. Mwavita alisema zozote zile, mradi kabla ya kuzichemsha tumwambie. Namegabe mwenyewe alikuwa anakula huku anasugua ncha za vidole kwenye kitambaa cha meza, anapima. Wazee walisema mchagua jembe si mkulima, na huyu alikuwa anachagua jembe ambalo lilikuwa bado liko Brussels. Mimi hakuna aliyeniuliza. Nilishona vifungo.

Jioni ya mwisho Sébastien alikuja kuaga. Nikawawekea bia, na Namegabe akatoa hukumu yake kama hakimu aliyefiwa. Alisema laini. Alisema ufundi ndio unaolisha watoto, besi ni furaha tu, na mtu mzima hachagui furaha mbele ya watoto wake. Alilisema vizuri, na Sébastien akaitikia kwa kichwa, lakini bia ya Namegabe ilibaki kwenye glasi mpaka ikapoteza ladha.

Mwezi ukapita, Sébastien akarudi amenenepa mashavu na ana kofia mpya. Alituletea pakiti. Namegabe akafuta mikono, akaifungua juu ya meza ya kukatia, akapitisha kidole kwenye uzi wa kwanza. Ukakwaruza. Akapitisha kwenye wa pili, wa tatu, wa nne. Zote tupa tupu. Akainua macho akamtazama Sébastien. Sébastien akasema tu, "Nimeleta vile mulisema." Namegabe akamshukuru kwa heshima zote, maana zawadi ya mtu hairudishwi usoni kwake. Mimi nilikumbuka kuwa nina kitu motoni, nikatoka. Révérien alipopata habari alikuja mbio akasema Mungu amechagua mwenyewe.

Sasa ngoja ucheke. Unajua shemeji yako anavyopenda unadhifu. Nyuzi zilikuwa ndefu kuliko gitaa, na kila mpigaji duniani huzifunga kwanza, akakaza, akakunja, ndipo akate ncha inayozidi. Namegabe ni fundi. Fundi hupima, hukata, ndipo huunga. Akatoa futi ya shingoni, akapima gitaa kama anampima bibi harusi, akaongeza inchi ya pindo, akakata ule uzi mwembamba kuliko wote kwa koleo. Yaya, waya wa juu ulishtuka, ukaanza kufumuka kuanzia ulipokatwa, taratibu, mbele ya macho yetu, kama sweta iliyonaswa na msumari. Namegabe akaushika kwa vidole viwili na kuniita nilete sindano. Sindano! Alitaka kuupiga bandi uzi wa chuma. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na yeye akakasirika, kisha akacheka naye, kisha akaacha kucheka kwa sababu alikuwa amebaki na nyuzi tatu. Wa nne akautoa katika zile za zamani, na nikampa sufuria kwa hiari yangu, nikamwambia na chumvi atie.

Alipoanza mazoezi, vidole vilikwisha. Tulijaribu kila kitu. Siagi ya ng'ombe kutoka kwa Mzee Massoudi, jiwe la kusugulia visigino, gliserini, maji ya mchele. Alilala na mikono imepakwa siagi ndani ya soksi za watoto, na panya wakaanza kututembelea. Haikusaidia. Siku alipojaribu kushona mkono wa gauni la Daphrose, kidole chake kilivuta uzi kwenye satini, mahali ambapo kwa bahati njema pangeingia ndani ya mshono. Aliondoa mikono yake juu ya kitambaa kama mtu aliyeungua. Akasimama. Akakivuta kiti nyuma, akaniambia bila kunitazama, "Consolée, ikala hapa. Mi nitakuletea mayi."

Nikakaa. Yaya, usinicheke, kwanza nilifuta mikono kwenye kitenge mara tatu, kama niliyetoka kumenya mihogo. Yeye alisimama nyuma yangu ananielekeza: polepole, vuta huku, achia. Nikamvumilia mpaka kwenye bega, kisha nikamwambia akafanye mazoezi ya besi. Akaenda uani. Basi tukawa hivyo mpaka wiki ya harusi, mimi ndani na satini, yeye nje na gitaa lisilo na umeme, na nikagundua kuwa mguu wangu unafuata besi yake kwenye pedali. Mikono ya gauni lile imeshonwa kwa mwendo wa rumba. Tulikubaliana tusimwambie Madame Epiphanie, kwa kuwa alilipia jina la Namegabe. Kila alipomleta binti kujaribisha, Namegabe alisimama na futi shingoni, mikono mfukoni, akikohoa kwa maana, na mimi nilipiga magoti na pini kama siku zote. Madame akasema fundi safari hii mkono wake umekuwa mwepesi. Fundi akakohoa.

Siku ya harusi nilikaa upande wa jikoni na sindano ndani ya mkoba kwa lolote litakalotokea. Halikutokea. Daphrose aliingia, na wanawake walinyamaza kwanza kabla ya kupiga vigelegele. Wewe unaujua ule ukimya, ni mtamu kuliko vigelegele vyenyewe. Halafu orkesta ikaanza. Besi ilinijia kwenye mbavu kabla haijafika masikioni. Ilikuwa inatembea, inasimama, inageuka, na kila ilipogeuka ukumbi mzima uligeuka nayo. Mkurugenzi Herménégilde, mtu wa miwani na mafaili, alicheza mpaka koti likamtoka begani. Nilimtazama Namegabe kule jukwaani, amefumba macho, na nikalia. Nasema wazi, nililia, na waliokuwa karibu walidhani ni moshi.

Wapigaji walipopumzika, Madame Epiphanie alikwenda jukwaani kumshukuru fundi mbele ya wageni. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, kama tunavyomshika mtu tunayemheshimu, akautikisa. Alipotaka kuuachia, kidole cha Namegabe kilikuwa kimenasa kwenye vazi lake la hariri, lile la kufunga begani la mama wa bibi harusi. Akalinasua. Likanasa tena. Madame akaugeuza ule mkono, akauangalia ncha kwa ncha, na yule ni mwanamke anayejua nguo.

"Apana," akasema. "Hii mikono haiwezi kushona satini. Nani alishona robe ya mutoto wangu?"

Namegabe angeweza kusema lolote. Angeweza kusema vidole vimechunika juzi tu. Watu wangeamini, na jina lingebaki lake. Alivua mkanda wa gitaa, akaniangalia kule nilikokuwa nimejificha nyuma ya makreti ya bia, akasema, "Ni bibi yangu, Madame. Yote ni yeye. Mi nilikuwa naleta mayi."

Révérien, ambaye haachi pengo lipite bure, akampa mpiga ngoma ishara, na ngoma ikapiga kama kwenye sarakasi. Nilitolewa nyuma ya makreti kwa kusukumwa. Madame hakukasirika. Alinishika mikono nami akaichunguza, akakuta laini isipokuwa kidole kimoja chenye alama za sindano, akaniambia Jumatatu nifike kwake kuwapima dada zake. Tangu siku ile, Yaya, kile kiti ni changu kila mchana. Asubuhi Namegabe anashona suruali za drili, maana drili haijali kidole cha mtu, na mchana ananiachia, anakwenda uani na besi. Aloys amerudi gereji. Wateja wa satini wakija wanapita mbele ya mume wangu, wanamsalimu, wanamuuliza kama fundi yupo.

Sasa funga mlango. Kama Mama yuko karibu, mwambie hapa ni mambo ya mapishi.

Unajua kuwa huku, kama kwetu, msafiri haondoki mikono mitupu. Anafungiwa posho ya safari, hata kama anakwenda kwa ndege ambamo watu wanalishwa. Asubuhi ile Sébastien anaondoka, mimi ndiye niliyempelekea: ndagala za ziwani zilizokaangwa kavu, ndizi za kuchoma, na pilipili kidogo ya kuwasaidia Wabelgiji. Alikuwa anafunga sanduku. Nikamkabidhi kifurushi, nikamtakia safari njema, na nilipofika mlangoni nikageuka nikamwambia kuwa mume wangu amefikiri tena, kwamba ameona aibu kuja mwenyewe, na kwamba nyuzi alete za kukwaruza.

Ningependa kukuambia kuwa maneno yalinitoka bila kufikiri. Apana. Niliyafikiri tangu nilipokuwa nakaanga ndagala. Nilijua zitakavyomfanya vidole. Nilimwona siku ile amekaa mlangoni na mikono yake, na mimi moyoni nikaona kiti kitupu. Kikulacho ki nguoni mwako, na shemeji yako ni fundi wa nguo, lakini huko hakutafuta. Nilipomwona amelala na soksi za watoto mikononi, nilicheka kwa mdomo na kuumia tumboni, kwa sababu satini naye aliipenda, na mimi ndiye niliyemtenganisha nayo. Kisha nakumbuka uso wake jukwaani, najisamehe. Kisha asubuhi anakunja drili, naacha kujisamehe. Nimekaa hivyo wiki mbili. Ndiyo maana nakuuliza wewe uliyenilea: je, nimwambie, au ninyamaze? Katika jibu lako usitaje nyuzi wala ndagala. Andika tu ndiyo au hapana, nitaelewa.

Nafikia mwisho, karatasi inaisha na Mirindi anapiga mluzi nje kama mwenye gari moshi. Msalimie Mama, umwambie kitambaa cha gauni lake la Noeli nimeshakikata na nitakishona mwenyewe. Wasalimie watoto kila mmoja kwa jina lake, na baba watoto wako apunguze tumbaku. Namegabe ameingia sasa hivi kuchukua gitaa lake ukutani, ameniuliza ninamwandikia nani, na anasema naye anakusalimu sana. Anasema pia nikuandikie hivi, neno kwa neno: kwamba Sébastien anarudi Brussels baada ya Noeli kwa mafunzo mengine, kwamba posho ya safari nitapeleka mimi tena, na kwamba habari ya nyuzi nimwambie mimi mwenyewe Sébastien palepale mlangoni, maana yeye anachaguaka vibaya, na mara ya kwanza mimi Consolée nilichagua vizuri.

Nimeandika mpaka hapo ndipo kalamu ikasimama. Nimegeuka, yeye amekwisha toka. Namsikia uani anakaza nyuzi.

Yaya, lile swali nililokuuliza, usilijibu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Consolée, fundi wa nguo za harusi